Fundi mweledi na fundi mbabaishaji: itazameni kazi kabla haijafunikwa na plasta

#1 – Mtoa mada

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Haupiti muda humu bila kufunguliwa uzi wa mtu anayemlalamikia fundi: ukuta umepinda, bomba linavuja ndani ya ukuta, slabu imepata nyufa kabla mwenye nyumba hajahamia. Michango huishia karibu kila mara mahali pamoja, kwamba mlalamikaji alijitakia kwa kumchukua fundi maiko wa bei chee badala ya kumtafuta mtu mwenye cheti. Mimi ninasimamia ujenzi wa nyumba za kawaida, ninafanya kazi na waashi, wasuka nondo, maseremala na mafundi umeme, wenye vyeti na wasio navyo, na kwa niliyoyaona siwezi kukubaliana na hitimisho hilo. Nimekutana na wenye vyeti wanaolipua kazi mchana kweupe, na nimekutana na mtu aliyeanza kama saidia fundi, asiye na karatasi yoyote, ambaye ningemkabidhi nyumba ya mama yangu nikasafiri bila wasiwasi. Naomba niiweke hoja yangu kwa urefu, halafu mnikosoe.

Ninavyoona mimi, mweledi ni yule anayekubali kazi yake ipimwe na kitu kisichomjua wala kumpendelea, kiwe ni timazi, pima maji, ndoo yenye alama au orodha iliyoandikwa. Mbabaishaji hujipima kwa macho yake mwenyewe na kwa idadi ya miaka aliyokaa kazini. Ustadi wa mikono ni jambo jingine kabisa. Wapo wababaishaji wenye mikono ya dhahabu.

Tuchukue zege, kwa sababu hapo ndipo tabia ya mtu huonekana upesi, na ndipo hufichika upesi vilevile. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 uliozoeleka (saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne), mfuko mmoja unahitaji lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji, tukikadiria nusu ya uzito wa saruji, ni lita 25, na hapo unapaswa kutoa yale ambayo tayari yamo ndani ya mchanga uliolowa. Hesabu hii haihitaji chuo. Pamoja na hayo, kwenye maeneo mengi ya ujenzi utakuta mchanga unahesabiwa kwa koleo au kwa toroli, wakati toroli la asubuhi huwa na kilima na la saa nane mchana, vibarua wakiwa hoi, halifiki hata ukingoni. Maji ndiyo hayahesabiwi kabisa.

Kishawishi kikubwa kiko kwenye maji. Zege lenye maji ya kutosha tu ni zito, linachosha mabega, linagoma kupenya kati ya nondo zilizosukwa karibukaribu. Ukiongeza ndoo moja, kila mtu anapumua: linateleza, linajisawazisha lenyewe na sura yake inakuwa nyororo na ya kupendeza. Lakini saruji huchukua kiasi chake tu cha maji, na yanayozidi hukauka baadaye na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Kutoka lita 25 hadi lita 35 kwa mfuko, nguvu ya zege hilo inaweza kushuka kwa takriban theluthi. Hakuna anayeiona hiyo theluthi. Mwenye nyumba anaona sakafu nzuri, anamlipa fundi, anampa na nauli.

Fundi mmoja mtu mzima ninayemheshimu sana ana ndoo yake ya maji aliyoichora mstari kwa msumari uliochomwa motoni. Siku ya kumwaga slabu, jua likishapanda, vibarua huanza kupiga kelele wakitaka maji yaongezwe, naye hujibu kwa sauti ya kawaida kwamba mstari ni uleule, kisha huwapelekea vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege ili lipenye kati ya nondo. Kabla ya hapo, wengine wakiwa wanakunywa chai, huwa ameshaipita slabu nzima akiwa ameinama, akipitisha ncha za vidole chini ya nondo ili kuhakikisha kwamba vile vijiwe vya zege tunavyoviita biskuti vipo kila mahali na hakuna nondo iliyolala juu ya mbao. Nafasi anayoitafuta ni kama milimita 25. Zege likishamwagwa, hakuna atakayeiona tena sehemu hiyo mpaka siku kutu itakapoipasua dari, na siku hiyo huenda mzee mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki.

Mwenzake ni kijana aliyepita chuo, mwepesi kuliko yeye, na anayepiga plasta kwa ustadi ambao mzee hana. Huyu hupima maji kwa kutazama jinsi zege linavyoteleza kwenye koleo, na mara nyingi hupatia. Tatizo ni kwamba macho yake ya saa mbili asubuhi si yale ya saa tisa alasiri, na mvua ikiwa imenyesha usiku juu ya rundo la mchanga, macho hayo hayajui. Ukimshauri atumie ndoo yenye alama, anaona umemshusha hadhi mbele ya vibarua. Hapo ndipo ninapowatofautisha wawili hawa. Mzee hana imani na macho yake, na kijana hana imani na ndoo.

Kauli inayonitisha kuliko zote kwenye kazi ni hii: «Mimi nina miaka ishirini kwenye kazi hii.» Huwa haitolewi mtu anapofanya kazi vizuri, hutolewa pale anapoombwa aoneshe kipimo. Miaka mingi ina faida yake, lakini mtu anaweza kurudia kosa moja kwa miaka yote hiyo bila kulijua, kwa kuwa nyumba haianguki siku ya malipo.

Msidhani kwamba hili ni tatizo la mafundi wa mitaani peke yao. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field, jimbo la Ohio, ndege mpya ya Boeing iliyoitwa Model 299 ilipaa mbele ya maofisa wa jeshi la Marekani, ikanyanyua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Aliyekuwa akiirusha, Meja Ployer Hill, alikuwa miongoni mwa marubani wa majaribio wenye uzoefu mkubwa kabisa katika jeshi hilo. Uchunguzi ulionesha kwamba kufuli linalozuia vibawa vya mkia visitikiswe na upepo ndege inapokuwa imeegeshwa halikuwa limefunguliwa. Jeshi lingeweza kusema kwamba marubani wanahitaji mafunzo ya muda mrefu zaidi, lakini ni mafunzo gani ambayo Hill hakuwa nayo? Marubani wenzake waliandika orodha fupi ya mambo ya kuhakiki kabla ya kupaa na kabla ya kutua, mambo ambayo kila mmoja wao aliyajua kwa moyo. Ndege ya aina hiyohiyo baadaye ikawa B-17, mojawapo ya ndege maarufu za kudondosha mabomu za Vita Kuu ya Pili.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani liliijaribu orodha ya uhakiki yenye vipengele 19 kwenye vyumba vya upasuaji vya hospitali nane katika miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, hapa kwetu Tanzania, pamoja na miji kama London, Toronto, Manila na New Delhi. Vipengele vyenyewe ukivisoma unaweza kucheka: huyu ndiye mgonjwa tuliyemkusudia, upande wa kupasua ni huu, kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake, shashi na vifaa vihesabiwe kabla ya kumtoa mgonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wapasuaji hawakubadilishwa, mikono ilikuwa ileile. Kilichoongezeka, kwa sehemu kubwa, ni utayari wa watu waliosoma sana kusimama na kuulizwa mambo ya kitoto. Na walipoulizwa kama wangependa orodha hiyo itumike iwapo wao wenyewe ndio wangepasuliwa, asilimia 93 walisema ndiyo, ingawa miongoni mwao walikuwamo walioiona kuwa usumbufu inapotumika kwa wagonjwa wao. Tafakarini hapo.

Nimesema mengi kuhusu kipimo. Niongeze dalili moja tu ambayo watu huielewa vibaya, nayo ni namna mtu anavyomjibu mteja. Tumezoea kumwita mtaalamu yule anayemtii mteja na kusema «hakuna shida, bosi» kwa kila jambo. Mimi mtu wa hakuna shida hunipa mashaka. Mteja anapotaka nguzo iondolewe ili sebule ipanuke, au anapotaka kuongeza ghorofa juu ya msingi uliokadiriwa kwa nyumba ya chini, kazi ya mweledi ni kusema hapana, kueleza kwa nini, na kama mteja anashikilia, kumtaka alete mhandisi. Mbabaishaji anaogopa kupoteza kazi ya leo. Ukitazama ndani zaidi utakuta anaogopa pia kusema «hili silijui», kwa sababu amejenga jina lake juu ya kujua kila kitu.

Karibuni kwa michango.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, uzi wako ni mzuri, ila nahisi umemwonea fundi na kumwacha mteja atoke bila doa. Mimi ni fundi. Mteja anakuja na makadirio, unamtajia bei ya ufundi, anaikata nusu, na anakuambia kuna mwenzako ameshakubali kwa hiyo nusu. Unakubali kwa sababu ada ya shule inadaiwa. Kazi imetolewa kwa mkupuo, yaani bei moja kwa kazi nzima, kwa hiyo kila siku unayochelewa unajila mwenyewe, na vibarua unawalipa jioni kwa jioni. Sasa hiyo ndoo yenye mstari, hiyo kuinama kuhesabu biskuti, hiyo kurudi asubuhi kumwagilia maji zege lililokwisha kuganda ili lisikauke upesi, nani anailipia? Weledi unaouzungumzia una gharama, na mteja wa Kitanzania haupi thamani kwa sababu hauonekani. Huyo mteja huhesabu mifuko ya saruji asubuhi na jioni kwa hofu ya kuibiwa, lakini sijawahi kumwona hata mmoja anayeuliza umeweka maji kiasi gani.

#3 – Mtoa mada

Ndugu yangu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na hilo la kuhesabu mifuko bila kuuliza maji ni kweli tupu. Malipo ya mkupuo yanamwadhibu mtu makini na kumpa zawadi anayekimbiza kazi, na mteja ndiye aliyeuchagua utaratibu huo.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Bei ndogo ni sababu halali ya kukataa kazi, au ya kuipunguza kazi kwa uwazi: kwa fedha hii nitakujengea vyumba viwili badala ya vitatu, au tutaishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kusubiri msimu mwingine. Haiwezi kuwa sababu ya kuipunguza kimyakimya mahali ambapo mteja hawezi kuona. Ukikubali nusu ya bei na kutoa nusu ya kazi huku ukimwambia ni kazi kamili, umeshamkopa mteja bila yeye kujua, na deni hilo huenda likalipwa na watu ambao hawakuwepo kwenye makubaliano. Sote tunakumbuka jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, lililoporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30. Silitaji ili kumhukumu fundi yeyote wa pale. Nalitaja kwa sababu tunapojadili bei ya ufundi tunazungumza kana kwamba pande ni mbili tu, fundi na mteja, na mpita njia hayumo.

Kuhusu ada ya shule sina jibu zuri. Najua kwamba kuna siku mtu hawezi kukataa kazi. Ninachoweza kusema ni kwamba kumwambia mteja ukweli hakugharimu chochote kwenye mifuko ya saruji, na wale waliozoea kuusema ukweli huo mapema ndio ninaowaona wakiitwa tena.

#4 – Mchangiaji

Nawashukuru kwa mjadala. Mimi ni muuguzi na nimefanya kazi kwenye chumba cha upasuaji, hivyo ule mfano wa orodha umenigusa. Naomba nitie tahadhari moja. Orodha yenyewe inaweza kugeuzwa ubabaishaji. Nimeshuhudia mahali ambapo fomu ilijazwa yote baada ya upasuaji kwisha, tiki zote zimepangwa vizuri kwa kalamu moja na mkono mmoja, huku kile kipengele cha kila mtu kutaja jina lake hakijawahi kutamkwa na yeyote. Mkaguzi alipokuja alikuta majalada yamekamilika na akatoa pongezi. Nimeona pia kinyume chake: daktari bingwa, mtu mzima, ambaye hakubali kushika kisu mpaka muuguzi wa zamu, hata akiwa mgeni kabisa, asome kwa sauti, na akijibiwa kwa kunung'unika anaomba isomwe upya. Siku moja hesabu ya shashi ilipungua moja. Alikuwa ameshaanza kushona, akasimama, akasema tutafute. Ilipatikana imenasa kwenye shuka la chini. Hakuna aliyemwona amepoteza muda, na hata yule mgeni aliyehesabu alitoka pale akijua kwamba sauti yake ina uzito.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kipimo bila mtu anayekubali kusimamishwa na kipimo hicho ni karatasi tu.

#5 – Mchangiaji

Naomba kuuliza. Je, mtoa mada anataka kusema kwamba mtu anayefanya jambo kwa mapenzi tu, bila kulipwa, hana weledi? Michezo ya ridhaa imetupa watu wakubwa kuliko hawa wa kulipwa tunaowaona siku hizi. Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa mwanajeshi anayekimbia chini ya kanuni za ridhaa ambazo zilimkataza mwanariadha kulipwa.

#6 – Mtoa mada

Nimefurahi umemtaja Bayi, kwa sababu anausaidia upande wangu. Katika mbio zile aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo wakimbiaji wengi wa masafa hayo huliogopa kwa kuwa anayeongoza huwakinga wenzake upepo na kuwapa shabaha. Huwezi kukimbia hivyo mbele ya mpinzani mkali kama John Walker wa New Zealand kwa hamasa tu. Ni lazima ujue kwa usahihi mwili wako unaweza kubeba mwendo gani katika kila mzunguko, na usahihi huo huupati ila kwa kupimwa na saa, tena mara nyingi, na kuiamini saa hata inapokuambia jambo usilolipenda. Kanuni za ridhaa zilihusu fedha. Saa haikuwa na habari na fedha.

Mapenzi ya kazi ni kitu kizuri na simdharau mtu anayefanya jambo kwa kupenda. Ninachokiona ni kwamba mapenzi peke yake huenda na siku: leo yapo, kesho mvua imenyesha, mteja amekuudhi, au kazi imefika sehemu isiyo na raha, kama kumwagilia zege maji. Hakuna fundi anayeipenda kazi ya kumwagilia zege. Haina picha ya kuweka mtandaoni. Lakini zege huendelea kukomaa kwa wiki nyingi, vipimo vya maabara husubiri siku 28, na hizo siku saba za mwanzo, ambazo mara nyingi hulipatia zege karibu theluthi mbili ya nguvu hiyo, ndizo ambazo likikauka juani haliwezi kurudishiwa kilichopotea.

Muuguzi aliyechangia hapo juu ametia nukta ambayo mimi niliipita haraka. Kweli, hata kwetu ziko fomu za vipimo vya zege zinazojazwa ofisini. Ile koni ya bati ya kupimia ulaini wa zege, yenye kimo cha milimita 300, ambayo hujazwa kwa matabaka matatu na kila tabaka kushindiliwa mara 25, nimeikuta mahali fulani ikitumika kuzuia mlango wa stoo usifungwe na upepo, huku daftari la vipimo likiwa limejaa hadi tarehe ya siku ile.

Wapo walioniuliza faraghani wafanyeje kabla ya kumpa mtu kazi, kwa kuwa nyumba iliyokamilika haisemi chochote. Msiombe kuoneshwa nyumba zilizokwisha kupakwa rangi. Ombeni kupelekwa mahali anapojenga sasa hivi, mfike bila kumpa taarifa ya siku mbili, na mtazame kuta kabla ya plasta: mistari ya tofali imenyooka au plasta imeachiwa ikafiche, nondo za nguzo zimesimama katikati ya mbao au zimeegemea upande mmoja. Mwulizeni anafanya nini na zege lililokaa kwenye toroli kwa zaidi ya saa moja juani. Akijibu kwamba huliongezea maji na kuendelea, mmeshapata jibu la mambo mengi. Halafu chukueni makadirio yake, mtafute ni nani ameandikwa kumwagilia slabu maji kwa siku saba na analipwa kiasi gani. Kama mtu huyo hayumo, mwulizeni kabla ya kutia saini, na nyinyi wateja muwe tayari kumlipa.